Helmeti 6, watoto 40: nani avae?

SWALI: Assalam aleikum daktari. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja hapa Lamu. Mgeni aliyekuwa akikaa Shela alituachia kasha la vifaa vya lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu: fimbo 24, mipira dazeni moja, helmeti 6, glavu za wanaume na miwani 3 ya waya. Waliojiandikisha ni watoto 40, wavulana 22 na wasichana 18, wengi wa miaka 12 hadi 15. Nimesoma kwamba katika mchezo huu wanaume huvaa helmeti na wanawake hawavai, nikaona ni kwa sababu wanaume ndio wanaoumia. Helmeti zote nikawapa wavulana. Sasa mama wa msichana mmoja amekuja juu, anasema kichwa cha mwanawe si nazi. Kati yetu nani ana haki? Na je, wasichana huumia tofauti na wavulana?

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Kwanza nivue huo udaktari. Mimi ni tabibu wa viungo. Riziki yangu inatoka kwenye magoti, mabega na vifundo vya watu wa Malindi, ingawa kitovu changu kimezikwa hapo kwenu Langoni. Kisha nikujibu bila kuzunguka: mama ana haki, ila dawa anayoitaka siyo. Kati ya helmeti 6 ulizonazo, 2 ni za makipa, na 4 zilizobaki zirudi stoo. Wavulana wasivae, wasichana wasivae. Najua jibu hilo halitamfurahisha yeyote, kwa hiyo nipe nafasi nilieleze.

Lakrosi ni michezo miwili yenye jina moja. Ya wanaume inaruhusu kugongana. Mtu akiwa na mpira, unaweza kumkumba kwa bega, ukampiga kwenye fimbo na kwenye glavu ili aupoteze. Ndiyo maana huvaa helmeti yenye waya usoni, kinga za mabega na mikono, glavu nene na kinga ya meno. Ya wanawake imekataza kumkumba mwenzio kwa mwili. Fimbo hairuhusiwi kuingia kwenye eneo linalozunguka kichwa cha mpinzani, kama sentimita 18 kila upande. Tena beki haruhusiwi kujisimamisha kwenye njia ya anayepiga langoni ili auzibe mpira kwa mwili wake. Kwa sababu hiyo wao huvaa miwani ya kinga na kinga ya meno tu, isipokuwa kipa, ambaye hujifunika kuanzia kichwani.

Wewe ni mtu wa Lamu, kirumbizi umekiona. Wawili wanaingia duarani, zumari inalia, fimbo zinapishana karibu na masikio, na mtu anatoka akicheka kwa sababu kila mmoja anajua fimbo ya mwenzake inakwenda wapi. Hakuna aliyevaa kofia ngumu. Kinachowalinda ni adabu ya mchezo na mikono iliyofunzwa. Lakrosi ya wanawake imejengwa juu ya fikra hiyo hiyo, na ya wanaume imetegemea zaidi vifaa. Watoto wako bado hawana mikono iliyofunzwa, sheria hawajazijua, na vifaa vya kinga havitoshi hata robo yao. Hiyo ndiyo hatari uliyonayo mkononi, na inawahusu wavulana na wasichana sawasawa.

Tuje kwenye hilo ulilosoma, kwamba wanaume ndio wanaoumia. Lina ukweli wa nusu. Chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, kiliweka hesabu ya majeraha ya lakrosi kwa misimu 16, kuanzia 1988 hadi 2004. Kila mchezaji aliposhiriki mechi moja au zoezi moja ilihesabiwa mara moja, na jeraha liliandikwa ikiwa limemkosesha mchezaji angalau siku moja ya kucheza kikamilifu. Katika kila mara 1,000 za mechi, wanaume walipata majeraha 12.58 na wanawake 7.15. Ukiishia hapo utagawa helmeti kama ulivyozigawa. Lakini tazama hesabu ya mazoezi: wanaume 3.24, wanawake 3.30. Tofauti imekwisha.

Mimi hesabu hiyo hunipendeza kila ninapoirudia. Ingekuwa miili ya wanaume ndiyo inayovunjika upesi, au wanawake ndio wenye bahati, jambo hilo lingewafuata mpaka mazoezini. Linalowatenganisha zaidi ni mechi yenyewe, yaani kasi, hasira ya ushindi, na ule uhuru wa kukumbana ambao sheria moja inautoa na nyingine inaunyima. Kwa hiyo, Mwalimu, ukiwaacha wasichana wako wakumbane, hutakuwa na lakrosi ya wanawake uwanjani. Utakuwa na ya wanaume iliyochezwa bila kinga.

Halafu kuna mpira. Hebu uchukue mmoja kwenye kasha uuminye. Hauminyiki. Ni raba tupu, imeshiba mpaka ndani, ina uzito wa gramu 142 hadi 149. Mpira wa tenisi hauzidi gramu 60. Mwanamume mzima aliyefunzwa huurusha kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Watoto wako hawafiki huko, lakini hata nusu ya nusu yake ikimpata mtu kwenye jicho hilo si jambo la kusema pole na kuendelea. Na mpira wa wanawake ni huo huo wa wanaume, hakuna uliotengenezwa laini kwa ajili yao.

Ndiyo maana macho ndiyo yaliyowashtua Wamarekani kwanza. Zamani wasichana walicheza bila chochote usoni. Kuanzia msimu wa 2004–2005 miwani ya kinga ikawa sharti kwa wanawake nchini humo, na majeraha ya macho yakashuka sana. Katika kila kitu kilichojaribiwa kwenye mchezo huu, hicho ndicho ambacho ningekipigania bila kusita. Una miwani 3. Basi atakayekuwa karibu na mpira mgumu ni watoto 3 kwa wakati mmoja, hata wakiwa wamejiandikisha 40. Miwani ya jua si kinga. Kioo chake kikivunjika kinaingia kule kule ulikotaka kukinga. Ya kusomea nayo vivyo hivyo. Jambo dogo ambalo vitabu vya huko havilitaji: mkanda wa miwani ukipita juu ya mtandio wa hariri au wa kitambaa kinachoteleza, miwani hushuka puani msichana akianza kukimbia. Avae hijabu ya pamba au ile ya michezo inayobana, ncha zimeingizwa ndani ya fulana, na pini zote abakishe nyumbani.

Sasa kichwa. Hapa ndipo mama alipokuja juu, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Mtikisiko wa ubongo unatokea kwa wote wawili, ila kwa milango tofauti. Wanaume huupata zaidi kwa kugongana mtu na mtu. Wanawake huupata zaidi kwa fimbo au mpira, na mara nyingi mpigaji hakukusudia. Sababu mojawapo imo kwenye fimbo yenyewe. Wavu wa fimbo ya wanawake kwa desturi hauna kina kama wa wanaume. Mpira unakaa juu juu, hauzami. Ili usidondoke, mchezaji husimamisha fimbo karibu na sikio na kuibembeza huku na huku anapokimbia. Sasa mpira umekaa jirani na kichwa. Anayekuja kuupokonya anaulenga mpira, akikosea kidogo amepiga shavu. Ndiyo maana ile sheria ya sentimita 18 si urembo. Refa asiyeipuliza anawaumiza watoto kwa filimbi yake mwenyewe.

Kwa nini basi wasichana wasivikwe helmeti, tukamaliza? Kwanza, ganda gumu na waya wa helmeti ya wanaume vinamlinda aliyevaa na kumjeruhi asiyevaa. Ukiwa na helmeti 6 katikati ya watoto 12, wale 6 wengine umewawekea mawe uwanjani. Kwa hiyo sheria za wanawake hazimruhusu mchezaji wa ndani, asiyekuwa kipa, kuvaa helmeti ngumu. Ipo kofia laini iliyotengenezwa kwa ajili yao, na kiwango chake cha ubora kiliwekwa 2015. Jimbo la Florida liliifanya sharti kwa wasichana wa shule za sekondari kuanzia 2018, na watafiti waliolinganisha baadaye wakakuta mitikisiko ya ubongo ni michache pale ilipokuwa sharti. Mimi ningeinunua kama ningeiona inauzwa Mombasa. Bado sijaiona.

Pili, na hili mwambie mama kwa lugha yake mwenyewe ya nazi. Chukua dafu ulitikise. Makumbi yake ni mazito kuliko helmeti yoyote, lakini maji ndani yanacheza. Helmeti inazuia fuvu lisipasuke, inazuia pua na taya zisivunjike, na kwa kazi hiyo ni kifaa cha maana. Ubongo unaogonga ukuta wa fuvu kutoka ndani haujui kama nje kuna ganda. Mtoto aliyeambiwa amevaa kinga hupeleka kichwa mahali ambapo asingekipeleka akiwa mtupu. Nimeliona hilo kwa waendesha bodaboda, sioni kwa nini mvulana wa miaka 14 awe tofauti.

Katika michezo ambayo sheria zake ni moja kwa wote, kama soka na mpira wa kikapu, wasichana hupata mitikisiko zaidi ya wavulana. Shingo nyembamba ni sehemu ya maelezo. Sehemu nyingine, wasichana husema. Wavulana huficha. Msichana atakuambia, "Mwalimu, naona maruerue." Mvulana atatapika nyuma ya ukuta, ajifute, arudi. Kwa hiyo usihesabu malalamiko ukadhani umehesabu majeraha.

Mimi mwenyewe nilikosea. Miaka mingi nyuma nilikaa benchi kama mtu wa huduma ya kwanza kwenye mashindano ya mpira wa mikono ya shule. Msichana akapigwa kiwiko kwenye panja. Nikamuuliza tuko bao ngapi, akanitajia matokeo ya mechi ya asubuhi. Nikajiambia amechanganyikiwa na kelele, na kocha alikuwa ananitazama kwa jicho la "fanya haraka". Nikamrudisha. Baada ya dakika kumi alinijia taratibu, akaniuliza hapa ni wapi. Alipona, alhamdulillahi, lakini kwa wiki 3 hakuweza kusoma mistari miwili bila kichwa kumuuma, na ulikuwa mwaka wake wa mtihani. Tangu siku hiyo simuulizi mtoto kama anaweza kuendelea. Jibu lake halina kazi.

Kwa hiyo: aliyepigwa kichwani, au aliyeanguka akatikisika, kisha akawa na kizunguzungu, macho mazito, kichefuchefu, kusahau, kulia bila sababu au ukimya usio wake, anatoka na harudi siku hiyo hata akikuapia. Siku moja au mbili za mwanzo apumzike, simu na televisheni zipungue, kutembea nyumbani si vibaya. Darasani atangulie kurudi kabla ya uwanjani. Kisha aanze kukimbia mwenyewe, halafu mazoezi yasiyo na mgongano, akipanda ngazi moja kwa siku. Dalili zikirudi, ashuke. Kabla ya mechi aonwe na daktari. Na kama anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi badala ya kupungua, ameshikwa na degedege, mboni moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, mkono umelegea au usingizi wake hauamshiki, hapo usisubiri. Mnacheza Shela? Basi kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi ujue ni boti ya nani itakayomchukua mpaka gati ya mjini, na namba yake uwe nayo. Kilomita 3 za ufuo ni matembezi mazuri ukiwa mzima.

Goti sasa, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo. Ndani ya goti kuna ligamenti ya mbele, kamba ngumu inayouzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele. Inakatika mara nyingi bila kuguswa na mtu. Mchezaji anakimbia, anapanda mguu ili abadili njia, goti linaingia ndani, anasikia kitu kimelia "pa!", na kabla ya jioni goti limejaa. Katika soka na kikapu jeraha hili huwapata wanawake mara mbili au zaidi ya wanaume. Ungetarajia hivyo kwenye lakrosi pia. Lakini watafiti walipozitazama takwimu za vyuo vya Marekani walikuta wanaume na wanawake wa lakrosi wanakaribiana sana. Si kwamba magoti ya wanawake yamepona, la. Ya wanaume ndiyo yaliyoongezeka mpaka yakawafikia, na maelezo yaliyotolewa ni ule mgongano. Unaona tena? Sheria imeingia mpaka ndani ya goti.

La kufurahisha ni kwamba kinga ya goti haiuzwi. Ni mazoezi ya kupasha mwili moto kwa dakika 15 hadi 20, angalau mara mbili kwa wiki, kabla mtoto hajagusa fimbo. Mpango wa FIFA uitwao 11+ ulijaribiwa kwa wasichana wa soka Norway, na majeraha yakapungua kwa karibu theluthi. Huhitaji uwe mchezaji wa soka kuufuata. Wakimbie polepole, wachuchumae, wasimame kwa mguu mmoja huku mwenzake anamsukuma kidogo begani, wapige magoti na kuinamisha mwili mbele taratibu huku mwenzake amemshika vifundo. Kisha waruke na kutua. Kutua ndiko kwenye siri: kwa kimya, kwa vidole kwanza, magoti yamekunjwa na yanatazama kule vidole vya miguu vinakotazama. Mtoto anayetua kwa kishindo, au ambaye magoti yake yanabusiana, huyo ndiye wa kumfundisha zaidi, awe mvulana au msichana. Ukiona haya kuwaelekeza wasichana kuhusu miguu yao, mtafute mwalimu wa kike akusaidie. Usiliache jambo lipite kwa haya. Huyo huyo mwalimu wa kike ndiye atakayeambiwa kama msichana ameacha kupata hedhi miezi mitatu akizidisha mazoezi na kupunguza kula, na hilo ni la hospitali, kwa sababu mifupa yake inadhoofika bila kelele.

Mchanga wa Shela ni neema na mtihani. Mchanga mkavu unapunguza kasi na unampokea aangukaye, lakini unaichosha misuli ya ndama na kano ya kisigino, na ufuo wenye mteremko unampa mguu mmoja kazi ya miwili. Ngoja maji yapwe, cheza kwenye mchanga mbichi ulioshikana, na kila robo ya mchezo mbadilishane upande. Bamvua, maji yanapokupwa mbali, itakupa uwanja mpana. Wakati wa maji mafu, yasipokupwa sana, fanya mazoezi ya mikono tu. Mjini sikushauri kabisa. Kuta za matumbawe zinaurudisha mpira mgumu mahali usipopatarajia, na vichochoro vina punda. Nikiwa kwenye punda: kinyesi cha wanyama na vumbi lake ni maskani ya vijidudu vya pepopunda. Mtoto aliyechubuka goti, aoshwe kwa maji safi na sabuni, na ukague kadi za chanjo mapema.

Jeraha litakalokujia kwanza, hata hivyo, nakuwekea dau, halitakuwa kichwa wala goti. Ni kifundo cha mguu kuteguka. Kwa wanaume na wanawake wa vyuo ndilo lililokuwa la kwanza kwa wingi. Na najua kitakachofuata: bibi atachemsha maji, ataleta mafuta ya nazi, atamkanda mtoto usiku ule ule mpaka alie. Siwadharau wakandaji wetu. Wako wenye mikono ambayo mimi nimejifunza kwayo. Lakini siku mbili tatu za mwanzo ndani kunavuja damu, na kukanda kwa nguvu na maji ya moto kunaizidisha. Mwambie bibi asubiri. Siku ya kwanza ni bendeji isiyokaba, mguu uinuliwe juu ya mto, na barafu. Barafu Lamu haikosekani, nenda kwa wauza samaki. Ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha uitoe. Kama hawezi kukanyaga hatua nne, au anaruka unapobonyeza mfupa wenyewe wa kifundo kwa nyuma au kwenye ncha yake, apigwe picha ya eksirei. Akiweza, aanze kutembea mapema. Kifundo kilicholazwa wiki 3 kinateguka tena.

Vidole gumba vya wavulana, kwa sababu ya kupigana fimbo mikononi, na mabega, kwa sababu ya kukumbana, ni majeraha yao zaidi. Ukifuata nitakayokuambia hapa chini hutayaona mengi.

Limebaki moja la kutisha, halitokei mara nyingi lakini sharti ulijue. Mpira mgumu ukimpiga mtoto kifuani juu ya moyo, katika sehemu ndogo mno ya sekunde kati ya pigo moja la moyo na jingine, moyo unaweza kupoteza mdundo. Anapiga hatua moja mbili, anaanguka. Kifuani hakuna hata alama. Wengi wanaopatwa ni wavulana wa rika hili lako, ambao mbavu zao bado ni laini. Marekani iliweka sharti la kinga maalumu ya kifua, 2021 kwa makipa na 2022 kwa wachezaji wengine wa kiume. Wewe huna hiyo. Kwa hiyo jifunze kusukuma kifua: katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 kwa mtoto wa umri huo, bila kuacha mpaka msaada ufike au apumue. Usimmwagie maji. Usimkalishe. Na wafundishe wanao kwamba mpira mgumu hauzuiwi kwa kifua hata kidogo.

Basi nikupe ninavyoona mimi. Mipira migumu yote ifungie. Tafuta mipira ya tenisi, au hata ile ya raba yenye uwazi ndani ambayo watoto huichezea mitaani. Wavulana na wasichana wote, mwaka huu mzima, wacheze kwa sheria za wanawake: hakuna kukumbana, fimbo isipande karibu na kichwa, akisimama mtu mbele ya mpigaji apulizwe. Wavulana watanung'unika kwamba umewafanya wanawake. Waambie mchezo huu unarudi Olimpiki Los Angeles 2028, kwa wanaume na wanawake, timu za watu 6, na kule anayetafutwa ni mwenye mkono mwepesi. Kwa fimbo 24 watu 6 kwa 6 wanacheza na wengine 12 wanafanya mazoezi pembeni, wavulana siku yao na wasichana siku yao kama wazazi wanavyopenda. Anzeni saa kumi na nusu alasiri. Wakati wa Kaskazi maji ya kunywa yawe hapo hapo, na Ramadhani fanyeni mazoezi mepesi tu karibu na futari. Kinga ya meno inapatikana kwenye maduka ya michezo Mombasa, ya kuchovya maji moto na kuuma. Changisheni, kila mtoto awe na yake. Hiyo haiazimwi.

Baada ya mwaka, wenye mikono tayari wanaweza kuonja mpira mgumu wakiwa na miwani, kipa akiwa amefunikwa. Kukumbana kusubiri hadi siku kila mvulana atakapokuwa na vifaa vyote, na hiyo siku isipofika, hamjapoteza kitu.

Makipa ndio wenye helmeti, basi, wa kike na wa kiume, hata kwa mpira wa tenisi, ili wazoee kuona kupitia waya. Helmeti ikae mstari kwenye paji, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, isizunguke mtoto akitikisa kichwa. Chumvi ya bahari yetu haina huruma na chuma: parafujo zinazoshika waya zikagueni kila wiki, zikiliwa na kutu mtazibadili. Sifongo za ndani zikiachia gundi, hazirudishwi kwa gundi ya viatu. Na kama kati ya zile 6 ipo yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, usiiweke stoo pamoja na nzuri. Ikate kwa msumeno vipande viwili, kwa maana mtoto akiikuta nzima ataivaa.